Swali la Tatu

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ndiyo inayonitoa jasho.

Naandika kwa mkono kama ulivyoamuru, kwa sababu kwako ujumbe wa simu ni maneno yaliyosimama kwa mguu mmoja. Barua anakuletea dereva wa gari la dawa. Majibu mpe yeye huyohuyo, maana anakuogopa kuliko anavyowaogopa askari wa barabarani, na akirudi mikono mitupu atadhani nimekukosea.

Nimepewa kazi kubwa. Ofisini kwetu wametengeneza programu ya simu inayomuuliza mtu dalili zake, halafu inamwambia moja kati ya matatu: pumzika nyumbani, nenda zahanati, au kimbia hospitali. Sisi wenyewe tunaiita Bwana Dalili, kwa utani, kwa kuwa anajua magonjwa yote na hajawahi kuugua hata mafua. Mimi simtengenezi. Mimi nawaita watu wa kawaida mmoja mmoja, nampa kila mtu kifaa mkononi, namwambia aeleze anavyojisikia siku hiyo, kisha namtazama anakwama wapi.

Chumba chenyewe kina meza, viti viwili, bilauri ya maji na kamera inayotazama mikono tu. Ukutani kuna kioo. Ukikaa upande wetu unajiona mwenyewe. Waliokaa upande wa pili wanakuona wewe, nao ni mkurugenzi na wenzake wenye kahawa zao. Sheria ya chumba ni moja: mimi sisaidii. Mtu akiniuliza abonyeze wapi, nasema, "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Basi nifikirie mimi, na huu mdomo ulioupa jina, nimekaa saa nzima nimeuma ulimi.

Nataka unifundishe kitu. Miaka thelathini na moja umekaa kwenye benchi la mapokezi ukichambua nani aingie kwa daktari sasa hivi na nani asubiri. Wagonjwa wanakuita Mama Benchi hata waliosahau jina la daktari. Unajuaje? Niandikie kama unavyomwandikia mwanafunzi, usinionee aibu.

Kuna jambo jingine kuhusu hii kazi, nitakueleza likikaa sawa.

Mtoto wa kaka yako, uliyemlea bila kumwomba,
Kiherehere


11 Februari

Kiherehere wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako wewe unayeishi kwa chai na biskuti. Dereva nimempa barua hii na nimempa na maneno, kwa sababu sanduku la chanjo alilifunga vibaya.

Unauliza najuaje. Hakuna uchawi. Kuna maswali matatu.

La kwanza ni salamu. "Habari yako?" Mtu atasema nzuri. Atasema nzuri hata kama amebebwa kwa machela. Hiyo si habari, hiyo ni adabu, na mimi siiandiki popote. Nilishampokea baba mmoja ana kisu cha jikoni kimesimama pajani, nikamuuliza habari za nyumbani, akasema, "Salama tu, dada, isipokuwa hili." Basi kazi yetu yote, mwanangu, iko kwenye hiyo "isipokuwa". Ukiondoka kabla haijatoka, umemsalimu mtu lakini hujampokea.

La pili ni usingizi. "Umelalaje?" Hapo watu huanza kulegea, kwa sababu mtu hana heshima ya kulinda kitandani kwake.

La tatu halijaandikwa popote. La tatu unalitoa mwilini mwa huyo aliye mbele yako. Mbona umeshika ubavu? Mbona mtoto umemhamishia bega la kushoto? Mbona unajibu maneno matatu matatu? Ukilipata hilo, mtu anakuambia kila kitu na ya jirani juu yake. Swali la tatu ndilo linalojibiwa.

Sasa huyo Bwana Dalili wako ana macho? Kama hana, mwambie ajifunze kusubiri.

Hapa kwetu shwari. Benchi nimelisogeza karibu na mlango, nimechoka kutembea kama polisi wa zamu. Viatu vyangu vyeupe vya kazi vimeanza ubishi, kwa hiyo siku hizi navaa ndala, na daktari kijana akinitazama miguu namtazama usoni mpaka anakumbuka ana kazi. Usinidanganye kuhusu chakula. Na hilo jambo jingine ulilolificha nimeliona. Litoe mapema, kidonda cha leo hakisubiri kesho.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Watu kumi na wawili wamekuja na wameondoka. Sikia ukurasa wa kwanza ulivyo. Unatokea uso wa duara unaotabasamu, unasema: "Habari za leo? Unajisikiaje?" Chini kuna vitufe viwili, NZURI na MBAYA. Ukibonyeza mbaya, maswali yanaanza. Ukibonyeza nzuri, uso unapiga makofi, unakuambia hongera, endelea kutunza afya yako, kwaheri.

Watu tisa kati ya kumi na wawili walibonyeza NZURI. Tisa, Shangazi! Na wote walikuwa wamekuja na maradhi yao, tulikuwa tumewachagua kwa ajili hiyohiyo. Kulikuwa na mama muuza mkaa mwenye kikohozi cha wiki tatu. Alibonyeza nzuri huku anakohoa, kidole kikateleza, akafuta kioo kwa kanga, akabonyeza tena vizuri. Mwishoni, muda wa maswali yangu ulipofika, nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa mimi. "Mwanangu, mtu amenisalimu. Nimjibu mbaya? Si kitu kwamba ni simu, adabu ni adabu."

Ungedhani mkurugenzi ameshika kichwa. Alitoka nyuma ya kioo anapiga makofi kama ule uso. Wastani wa sekunde arobaini! Hakuna aliyekwama! Hakuna aliyeomba msaada! Kwenye vipimo vyao anayemaliza haraka amefaulu, na programu imefaulu pamoja naye. Nikamwambia wamemaliza haraka kwa sababu wamefukuzwa mlangoni. Akasema niandike ripoti, nisiandike mashairi.

Wa kumi alikuwa fundi cherehani, mjamzito wa miezi minane. Akabonyeza nzuri, akapigiwa makofi, akaanza kukusanya mkoba wake. Nikaona pete yake ya ndoa imening'inia shingoni kwa uzi wa kushonea. Shangazi, ulinikaa masikioni. Sheria ya chumba ilikuwa inanitazama kupitia kioo, nikaitazama na mimi, nikamuuliza, "Mama, mbona pete iko shingoni?"

Akasema, "Imenikataa tangu Jumatatu, vidole vimejaa. Na nikiinama kutunga uzi naona nyota nyota. Kichwa ndiyo usiseme."

Sikumaliza kikao. Nilimshika mkono tukapita mbele ya kahawa zao zote mpaka hospitali. Presha yake ilimfanya mkunga akimbie kumwita daktari, na wakunga wewe unawajua, hawakimbii ovyo. Walimfanyia upasuaji siku ileile. Mtoto ni mdogo lakini analia vizuri. Mama yuko hai.

Nimerudi ofisini nimekuta karatasi mezani: umeharibu kipimo kwa kumsaidia mshiriki, mtoe huyo kwenye ripoti, andika washiriki kumi na mmoja. Sijamtoa. Sitamtoa.

Kiherehere


27 Februari

Wewe,

Mimi mzima. Sikuulizi wewe kama ni mzima, kwa sababu wanaofanya kazi kama yako hawaumwi, wanaumiza.

Mwanzoni mwa wiki hii mganga mkuu wa wilaya amekuja na barua yenye mhuri. Kuanzia Julai, zahanati kumi na tano zitafungiwa kishikwambi ukutani, pale benchi lilipo, mgonjwa ajibonyezee mwenyewe. Nafasi ya muuguzi wa mapokezi inafutwa. Nikauliza hicho kitu kinaitwaje, nikasomewa jina la programu yako.

Kumbe ndilo hilo jambo jingine! Uliniuliza nachambuaje watu, na mimi mjinga nikakaa nikakuandikia kurasa mbili, najiona mwalimu. Nilikuwa nakunolea kisu. Nimekubeba mgongoni ukiwa na surua, nimekukalisha kwenye benchi hilihili ukisoma vitabu vyako huku nafunga watu vidonda, ndiyo ukaenda kujifunza namna ya kuling'oa.

Na huyo fundi cherehani nimefurahi kwa ajili yake, si kwa ajili yako.

Sitoki. Nimemwambia mganga mkuu mbele ya wagonjwa wote, na mzee mmoja mwenye jicho bovu akanipigia makofi. Nilipopanda ngazi kurudi ndani nilikuwa nimebeba hasira nzito kiasi kwamba nilikaa kwenye ya tatu kupumua, na ngazi zenyewe ni nne. Tangu barua hiyo ije nalala nimeegemea mito mitatu, maana hasira hainiruhusu kulala chali. Lakini waambie wakubwa wako hivi: mimi mzima, na nitakuwa mzima mpaka huo ukuta wao uote ukungu.

Usinijibu mpaka uwe na la maana.

Mama Benchi


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo, hata kama hutaki kuipokea.

Nilijua. Nilijua tangu Januari kwamba programu ikifaulu, benchi litaondoka. Nilinyamaza nikijidanganya kwamba nikiifanya kazi vizuri nitakutafutia mahali pengine. Huo ulikuwa woga, na wewe hukunilea kwa woga. Nisamehe, au usinisamehe, lakini soma mpaka mwisho.

Sijatia sahihi. Mkurugenzi aliniletea ripoti aliyoiandika yeye: washiriki kumi na mmoja, wote wamemaliza bila msaada, programu iko tayari. Jina langu limechapwa chini, panasubiri kalamu. Nikamwambia mkono wangu unaumwa. Akacheka. Nikamwambia sina utani, hapo hapatiwi sahihi na mimi. Amenipa wiki moja. Tarehe kumi wanakuja waganga wakuu wa wilaya zote kusikiliza matokeo, akiwemo wako, na amesema siku hiyo ama jina langu liwe kwenye karatasi, ama mimi nisiwe kwenye jengo.

Siku hizi chache nimefanya kazi bila ruhusa. Nimechora kurasa mpya kwa kalamu kwenye karatasi, nikaondoa ule uso wa makofi, nikaanza na usingizi. "Umelalaje?" Halafu vitu vya mwilini: pete, viatu, ngazi, mito. Maswali yako, Shangazi, yale niliyoweza kuyaiba. Kabla ya kuita watu huwa tunafanya jaribio kwa mgonjwa wa kubuni. Sikuwa na mgonjwa, nikachukua barua zako, nikitafuta maneno ya mtu mzima anavyojieleza.

Nikaandika: mwanamke, miaka hamsini na tisa. Viatu havimwingii, amehamia ndala. Amesogeza kiti karibu na mlango ili asitembee. Amekaa ngazi ya tatu kati ya nne kutafuta pumzi. Analala ameegemea mito mitatu.

Nikayaingiza yote kwa Bwana Dalili mwenyewe, yule usiyemtaka, nikampitisha kwenye kitufe cha MBAYA ili asikilize. Hakufikiri hata kidogo. Akasema: moyo. Hospitali leo.

Nilikaa pale na karatasi zangu nikajiona mpumbavu. Nawatazama wageni kumi na wawili kwa kamera, naandika kurasa nzima kwamba watu husema nzuri kwanza, na huku mtu wangu ananiandikia mimi mzima, mimi mzima, mimi mzima, na mimi nabonyeza tu.

Shangazi, habari yako?

Kiherehere


7 Machi

Kiherehere,

Nzuri.

Umeridhika? Umeuliza, nimejibu. Mimi mzima, ni maneno yangu na nimeyatia sahihi, tofauti na wewe usiyetia sahihi maneno ya mtu mwingine.

Hilo la kutotia sahihi nimelipenda. Nimemsomea daktari kijana, nikamwambia huyo ni damu yangu. Basi ugomvi wetu nimeuweka chini, ila sijautupa.

Lakini usinipime. Mimi ndiye ninayepima. Miguu imejaa kwa sababu nimesimama juu yake miaka thelathini na moja. Na hata kama kungekuwa na kitu, sisemi kipo, fikiria kama mtu mzima. Nikienda kulazwa leo, kesho watakuja wakute benchi halina mtu, na watasema mnaona, zahanati imeendelea bila yeye. Kiti kitupu hakina mtetezi. Acha tarehe kumi ipite, acha Julai ipite, halafu nitaenda nikapimwe mpaka kucha.

Mpaka hapo nitakuwa mzima kwa nguvu.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Umelalaje?

Hilo ni la pili. Kabla ya la tatu nakupa taarifa, usije ukasema nimekuficha tena.

Leo waganga wakuu walikaa kwenye ukumbi, mkurugenzi akasimama na sekunde zake arobaini. Aliponiita nitie sahihi mbele ya wote, nilikwenda, nikaiacha kalamu mezani, nikawasha picha za kamera. Mikono tu, hakuna sura. Mkono wa muuza mkaa unafuta kioo na kubonyeza NZURI, na kikohozi kinasikika. Mkono wa mwalimu mstaafu unatetemeka mpaka kinamshinda kitufe, halafu NZURI. Mikono tisa. Mwishoni ule wa fundi cherehani, vidole vimejaa kama ndizi, NZURI, makofi, hongera. Nikawaambia huyo ndiye niliyeagizwa nimtoe, na mkitaka kumwona, yuko wodi ya wazazi na mwanawe.

Mkurugenzi akasema binti huyu amevunja sheria ya chumba. Nikasema ndiyo, na nikirudishwa mle nitaivunja tena.

Mganga mkuu wako ndiye aliyesimama. Alisema kwenye zahanati yake kuna mama mmoja ambaye juzi alimfokea mbele ya wagonjwa, na kwamba tangu siku hiyo amekuwa akijiuliza huyo mama huona nini ambacho kishikwambi hakitaona. Wamekubaliana, na imeandikwa: ukurasa wa kwanza unafutwa, maswali yako yanaingia, na hakuna kifaa kitakachofungwa mahali pasipo na muuguzi wa mapokezi. Benchi haliondoki. Mimi ndiye niliyeondoka. Nimepewa boksi la kuwekea vitu vyangu, nimeweka bilauri ya kile chumba.

Kwa hiyo kisingizio chako kimekufa leo saa saba mchana. Barua hii anayo dereva wa gari la dawa, na nimemwambia asiondoke hapo bila wewe. Amesema anakuogopa sana lakini atazima gari, atakaa ngazi ya tatu, atasubiri. Daktari kijana nimempigia simu, atashika benchi mwenyewe.

La tatu, Shangazi. Mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja alipaka viatu vyake rangi nyeupe kila Jumapili, mbona anakwenda kazini na ndala?

Kiherehere


15 Machi

Mwanangu,

Mimi si mzima.

Nimeliandika hilo mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya kuliandika hapa, na kila mara mkono ulitaka kuongeza "tu" au "kidogo". Si mzima. Moyo umevimba na hausukumi damu inavyotakiwa, maji yamejaa miguuni yakapanda mpaka kwenye mapafu. Daktari wa hapa wodini ni mwanamke mkali, nimempenda. Ameniambia ningengoja Julai yangu nisingeiona Aprili. Na mimi nilijua, Kiherehere. Ningekuwa mgonjwa wangu mwenyewe ningejiingiza ndani siku ile ya ndala. Niliogopa. Nilidhani nikisema naumwa watanifuta, kumbe nilikuwa nimeshika kifutio mwenyewe.

Dereva alikaa kwenye ngazi saa mbili nzima. Nilimfokea, akasema, "Ndiyo mama." Nikamwambia dawa za watu zinaharibika kwenye gari, akasema ameshazishusha zote. Nikasoma hilo swali lako la tatu tena. Nikalia mbele ya wagonjwa wangu, na yule mzee wa jicho bovu akanishikia mkoba mpaka garini.

Sasa sikia. Asubuhi ya kwanza hapa alikuja muuguzi mgeni, ana karatasi na kalamu, akaniuliza, "Habari za leo, mama?" Nikasema nzuri. Mdomo ulijibu wenyewe! Akaandika, akageuka aende. Nikamwita, "Rudi hapa. Umeuliza la kwanza tu." Tangu siku hiyo namfundisha, na wawili wenzake wanajifanya wanatandika vitanda ili wasikie. Hawa wakidhani nimelazwa, wamekosea. Nimehamisha benchi.

Nitarudi zahanati, daktari amesema wiki sita, mimi nimesema nne, tutaona nani mbishi. Hicho kishikwambi kije, nitakipa nafasi pembeni yangu, kishike hesabu ya mito na ngazi wakati mimi natazama pete za watu. Ila kikipiga makofi nakitoa nje.

Kuhusu kazi uliyoipoteza, sikupi pole. Niliyemlea ndiye aliyetoka mle na boksi, na nimewaambia wodi nzima.

Njoo Jumamosi. Usilete biskuti. Nitakuwa nimechanwa nywele na nimekaa wima, nimevaa gauni lililopigwa pasi, na ukinisalimu nitasema nzuri, najijua. Kwa hiyo shikamoo yako nitaipokea mwishoni. Ukiingia, anza na swali la tatu.

Shangazi yako